Toba Bila Radhi: Msaliti na Rafiki Aliyekwisha Kufa

Usaliti ni miongoni mwa maudhui kongwe kabisa katika fasihi ya Kiswahili. Katika utenzi wa Fumo Liyongo ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mnamo 1913, shujaa anachomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe wa kumzaa. Kabla ya hapo, wenziwe waliokula naye kikoa walikuwa wamekwisha kula njama ya kumfuma mishale pindi atakapopanda juu ya mkoma. Njama hiyo ilitanguka kwa sababu Liyongo hakuupanda mti, bali aliyaangua makoma kwa mishale yake akiwa chini. Msomaji wa fasihi yetu basi amezoea kumkuta adui nguoni. Hata hivyo, fasihi hiyo kongwe haikushughulika sana na msaliti baada ya tendo lake. Mwana wa Liyongo anapata mwisho mbaya na habari yake inaishia hapo. Hatuelezwi alilala vipi usiku, wala kama alipata kutamani kumwendea mtu na kumwambia, “Nilikosa.”

Makala haya yanahusu usiku huo ambao utenzi haukuusimulia. Tunauliza swali moja: mtu aliyemsaliti rafiki yake, kisha rafiki huyo akafa kabla hawajapatana, atake radhi kwa nani? Swali hili tutalichunguza katika riwaya mbili. Ya kwanza ni The Kite Runner ya Khaled Hosseini, mwandishi mzaliwa wa Kabul, iliyochapishwa mnamo 2003. Ya pili ni A Grain of Wheat ya marehemu Ngũgĩ wa Thiong’o, iliyochapishwa mnamo 1967. Tutaanzia katika Adili na Nduguze (1952) ya Shaaban Robert, ambayo tutaitumia kama kipimo.

Yamkini msomaji atauliza kwa nini jarida la wanafunzi wa Kiswahili lishughulike na riwaya mbili za Kiingereza. Jawabu letu ni kwamba fasihi linganishi haina haja ya kuomba ruhusa mpakani. Isitoshe, tunaamini kuwa Kiswahili kina msamiati wa kuzungumzia jambo hili ulio mpana na makini kuliko ule ambao wahakiki wengi wa riwaya hizi wameutumia. Wengi wao hutosheka na neno moja, ukombozi, wakalibebesha mzigo wa maneno matano.

Maneno tuliyo nayo

Neno kukomboa katika matumizi yake ya kawaida lina uhusiano na rehani. Mtu huweka rehani mkufu wa mkewe, kisha akipata fedha huenda kuukomboa. Mtumwa naye alikombolewa kwa fedha, na mateka vivyo hivyo. Katika mifano yote hii kuna sharti ambalo halisemwi: kile kinachokombolewa bado kipo. Mkufu ulioyeyushwa haukomboleki. Kwa hiyo tunaposema kwamba mhusika aliyemsaliti rafiki “anatafuta ukombozi”, yatupasa tuulize anakomboa nini. Rafiki amekufa, na urafiki umekufa pamoja naye. Kilichobaki ni nafsi ya msaliti mwenyewe, na hapo ndipo shaka yetu inapoanzia.

Toba ni neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya kurejea. Anayetubu hurejea kwa Mola wake, na jambo hilo huweza kufanyika chumbani, mlango umefungwa, bila jirani kujua. Kuungama ni kusema kwa kinywa lile lililofichwa. Huhitaji sikio la kusikia, lakini sikio hilo si lazima liwe la aliyekosewa. Kafara ni kitu au tendo linalotolewa ili kulifuta kosa. Fidia ni malipo ya kilichoharibika.

Radhi ni habari nyingine. Tazama sarufi ya kauli tunayoitumia kila siku, pengine bila kuitafakari: niwie radhi. Kiima cha kitenzi hiki ni wewe uliyekosewa, nami niliyekosa ni shamirisho tu. Siwezi kujiwia radhi. Naweza kutubu, naweza kuungama, naweza kutoa kafara na kulipa fidia, na katika yote hayo mimi ndiye mtenda. Lakini radhi hutendwa na mwingine, tena kwa wakati autakao yeye. Wenye kamusi za zamani watakumbuka pia kwamba kuwia kuna maana ya kumdai mtu, na kwamba mwia ni mdai ilhali mwiwa ni mdaiwa. Sidai kwamba matumizi haya mawili ni neno moja. Hilo nawaachia wanaisimu. Lakini anayemwambia rafiki “niwie radhi” anajikuta, kwa sauti na kwa hali, amesimama mlangoni kwa mwia wake.

Elimu ya dini ya Kiislamu, ambayo imeathiri sana maadili ya pwani yetu, hutenganisha haki ya Mungu na haki ya waja. Aliyekosa katika haki ya Mungu hutubu. Aliyemdhulumu mja hutubu pia, lakini juu ya hayo sharti amrudishie haki yake au amtake radhi. Ndiyo maana aendaye Haji huwapitia jamaa na majirani kuwataka radhi kabla ya kusafiri, na ndiyo maana kwenye mazishi jamaa hutangaza kwamba mwenye kumdai marehemu ajitokeze. Deni halizikwi na mtu. Na je, aliyekufa akiwa yeye ndiye mdai? Dai lake hurithiwa. Anayedaiwa na marehemu huenda kwa warithi wake. Kanuni hii ndogo ya mirathi ndiyo tunayoileta katika uhakiki wa riwaya hizi: kila penye rafiki aliyesalitiwa akafa, tumtafute mrithi wa dai, kisha tuangalie msaliti anamwambia nini mrithi huyo.

Mijeledi ya Adili

Katika Adili na Nduguze waliosalitiana ni ndugu, si marafiki, lakini kisa chenyewe kinatufaa. Hasidi na Mwivu wanamtupa Adili baharini kwa sababu ya choyo. Huria, jini ambaye Adili aliwahi kumwokoa, anamnusuru, na ndugu wawili wanageuzwa kuwa manyani. Adili anaamriwa kuwapiga mijeledi kila usiku. Anawapiga, lakini anawalilia pia na kuwalisha vyema. Hali hiyo inaendelea hadi mfalme Rai anapopata habari na kuingilia kati, na hatimaye ndugu wanarejeshewa umbo lao.

Wahakiki wengi wamesoma kisa hiki kama funzo kuhusu uovu na malipo yake. Sisi linalotushangaza ni kwamba adhabu hii haitengenezi chochote. Usiku wa leo ni sawa na wa jana. Mnyani hawezi kusema, kwa hiyo hawezi kuungama wala kutaka radhi. Na anayeumia kwa kila mjeledi ni yule yule aliyetupwa baharini. Shaaban Robert, kwa kukusudia au bila kukusudia, ametuonyesha kwamba kipigo na suluhu ni vitu viwili visivyojuana. Ndugu hawa wana bahati moja tu kubwa: waliyemsaliti yu hai. Bahati hiyo Amir na Mugo hawakuipata.

Amir: anayelipa bila kusema

The Kite Runner inasimuliwa na Amir mwenyewe kwa nafsi ya kwanza. Amir ni mwana wa tajiri wa Kabul, Mpashtuni. Hassan ni mwana wa mtumishi Ali, Mhazara, na Wahazara katika nchi hiyo wamedharauliwa kwa kabila lao na kwa madhehebu yao ya Shia. Wawili hawa wamenyonya ziwa la mama mlezi mmoja, wanacheza pamoja na kusomeana hadithi. Au tuseme Amir ndiye asomaye, kwa kuwa Hassan hajafunzwa kusoma. Katika majira ya baridi ya mwaka 1975, Amir anashinda mashindano ya tiara, na Hassan anakimbia kumletea tiara ya samawati iliyokatwa mwisho. Kichochoroni, Hassan anazuiwa na Assef na wenzake. Anakataa kuitoa tiara ya rafiki yake, na Assef anamnajisi. Amir anaona, anajificha, kisha anakimbia.

Wasomaji wengi huutaja usaliti huu na kusahau wa pili, ambao kwa maoni yetu ni mzito zaidi. Kichochoroni Amir alikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili aliyeshikwa na woga. Baadaye, kwa utulivu na mpango, anaficha saa na fedha chini ya godoro la Hassan na kumsingizia wizi. Hassan anaulizwa kama ameiba, anakubali. Anajua kwamba akikana, Amir ataumbuka mbele ya baba yake. Baba anasamehe, lakini Ali anaona hapakaliki tena, anaondoka na mwanawe. Woga una udhuru wake. Godoro halina.

Baina ya matukio haya mawili kuna tukio la makomamanga. Amir anampeleka Hassan kilimani, anamtupia makomamanga moja baada ya jingine na kumtaka naye atupe. Anataka apigwe. Hassan anakataa, mwishowe anachukua komamanga, analiponda juu ya paji la uso wake mwenyewe, kisha anaondoka. Hapa Amir anatafuta fidia ya haraka: nipige, tuwe sawa, yaishe. Hassan anainyima njia hiyo ya mkato. Tunaweza kusema kwamba Hassan, katika umri ule mdogo, anakijua ambacho Adili alilazimika kukitenda kila usiku bila faida.

Miaka inapita. Mnamo 1981 Amir na Baba wanaikimbia nchi iliyokaliwa na majeshi ya Urusi na kuhamia Fremont, California. Amir anapotaka kumwoa Soraya, binti huyo anamweleza kabla ya ndoa habari ya mwanamume aliyewahi kutoroka naye. Anasema kwa sababu hataki kuanza maisha kwa siri. Amir anamsamehe mara moja, kisha anakaa kimya kuhusu lake. Kinaya cha tukio hili ni kikali. Soraya hakumkosea Amir lolote, naye ameungama. Amir aliyemwangamiza rafiki anapokea maungamo ya mwenziwe kama kadhi. Anamwonea wivu kwa kuwa mzigo wake umetuliwa. Hapa Hosseini anatuonyesha kwamba Amir anajua mlango ulipo. Kinachokosekana ni mguu wa kuingia.

Mwaka 2001 Rahim Khan, rafiki wa zamani wa Baba, anampigia simu kutoka Pakistan na kumwita. Huko Amir anayapata mambo matatu kwa mpigo: Hassan na mkewe wameuawa na Taliban, Hassan alikuwa mwana wa Baba, yaani nduguye Amir kwa baba, na kuna mtoto, Sohrab, aliyeachwa katika nyumba ya mayatima Kabul. Mrithi wa dai amepatikana.

Kuanzia hapa riwaya inakuwa na kasi, na mwandishi anapanga malipo kwa ulinganifu ambao wengine wameuona kuwa umezidi. Amir anaficha fedha chini ya godoro katika nyumba ya maskini aliyemkaribisha, safari hii kwa kusaidia. Anapambana na Assef yule yule, ambaye sasa ni mkubwa wa Taliban. Anavunjwa mbavu, naye anacheka, kwa kuwa hatimaye amekipata kipigo alichokikosa kilimani. Sohrab anamwokoa kwa manati, silaha ya babake. Mdomo wa juu wa Amir unapasuka katikati na kumwachia kovu mfano wa mdomo wa sungura aliozaliwa nao Hassan. Hata sadfa ina haya zake, na hapa naona mwandishi ameivua nguo. Ni kweli kwamba riwaya ina haki ya kutumia jazanda. Lakini kovu hili linafanya kana kwamba mwili wa msaliti unaweza kugeuka kuwa mwili wa msalitiwa, hesabu ikafungwa.

Haifungwi, na kwa hilo Hosseini anastahili sifa. Amir amemwahidi Sohrab kwamba hatamrudisha katika nyumba ya mayatima. Wakiwa Islamabad, wakili anamshauri kwamba huenda ikabidi, na Amir anamfikishia mtoto shauri hilo. Sohrab anajikata mishipa. Anaokolewa, lakini hanyanyui tena mdomo wake kusema, na kimya hicho anaingia nacho Marekani. Amir, aliyevuka bahari ili kulipa deni la kuvunja uaminifu, ameuvunja tena uaminifu kwa mwana wa yule yule.

Sasa turudi kwenye kipimo chetu. Amir anamwambia nani kisa chake? Anamwambia Soraya kila kitu, kwa simu, akiwa Islamabad. Anatuambia sisi wasomaji katika kitabu kizima. Rahim Khan alikuwa akijua tangu zamani, na katika barua yake anamwombea msamaha wa Mungu na kumsihi ajisamehe. Sohrab anaambiwa kwamba babake na Amir walikuwa ndugu. Anadokezewa kwamba Amir hakuwa rafiki mwema sana. Habari ya kichochoro na ya godoro haambiwi. Mrithi wa dai analetewa malipo, tena malipo makubwa ya nyumba, wazazi na nchi salama, bila kuonyeshwa deni lenyewe.

Msomaji anaweza kututetea Amir hapa, na utetezi wake una nguvu. Sohrab ni mtoto aliyenajisiwa kama babake. Kumweleza habari ya kichochoro ingekuwa kumtwisha jiwe juu ya kidonda, na pengine ingekuwa tu njia ya Amir kujipunguzia mzigo kwa kuuhamishia mgongo mdogo. Tunakubali. Kuna maungamo ambayo ni dhuluma ya pili. Lakini tukikubali hivyo, tukubali pia matokeo yake: radhi haijaombwa, kwa hiyo haijatolewa. Mwishoni mwa riwaya, katika bustani ya Fremont mnamo 2002, Amir anarusha tiara pamoja na Sohrab, na tabasamu dogo linaonekana pembeni mwa mdomo wa mtoto. Amir anakimbia kuifuata tiara iliyokatwa, kama Hassan alivyomkimbilia yeye, na anatamka maneno aliyoambiwa na Hassan siku ile. Wengi huliita tabasamu hilo msamaha. Sohrab hajui kuna kosa, atasameheje? Tabasamu lile ni la mtoto aliyefurahia tiara, na kwa hali yake hilo ni jambo kubwa la kutosha bila sisi kuliongezea.

Mugo: anayesema bila kulipwa

Katika A Grain of Wheat hali ni kinyume. Itabidi kwanza tujibu pingamizi moja: Kihika hakuwa rafiki wa Mugo kwa maana ya kucheza na kula pamoja. Mugo hana rafiki. Ni yatima aliyelelewa na shangazi asiyempenda, naye anachotaka ni kuachwa alime shamba lake. Lakini usiku ule Kihika alipompiga risasi Bwana Shauri Robson, alikimbilia kibandani kwa Mugo na kumwekea siri zake, akimtaka ajiunge na harakati. Kiswahili kina neno kwa mtu anayewekewa siri namna hiyo: msiri. Mugo alifanywa msiri bila kuulizwa, na usaliti wa msiri ni usaliti wa urafiki hata kama urafiki huo ulikuwa wa usiku mmoja na wa upande mmoja. Siku chache baadaye Mugo alikwenda kwa Bwana Shauri John Thompson na kumtaja. Kihika akanyongwa hadharani.

(Katika riwaya hiyo hiyo wapo marafiki wa kweli waliosalitiana, Karanja na Gikonyo. Karanja alijiunga na wazungu, akawa mkubwa kijijini, na Gikonyo akiwa kizuizini akazaa na Mumbi, mke wa rafiki yake. Karanja hajawahi kumtaka mtu radhi, kwa hiyo hatufai kwa swali hili, ingawa anastahili makala yake.)

Kinachomtesa Mugo ni sifa. Alikamatwa kwa kumtetea mwanamke aliyekuwa akipigwa handakini, akapitia kizuizi cha Rira bila kukiri kiapo ambacho kwa hakika hakuwahi kukila, na anaporudi Thabai kijiji kinamwona shujaa. Viongozi wa chama wanamwendea wakimtaka ahutubie siku ya Uhuru, tarehe 12 Desemba 1963, kwa heshima ya Kihika. Wakati huo huo Jenerali R. na Koinandu wanamtafuta msaliti wa Kihika, na shaka yao yote iko kwa Karanja. Mugo basi hana haja ya kufanya lolote. Akinyamaza, mwingine atakufa badala yake na yeye ataheshimiwa hadi kaburini.

Anamwambia nani? Hapa ndipo Ngũgĩ anapotofautiana na Hosseini. Mtu wa kwanza kusikia ukweli kutoka kinywani mwa Mugo ni Mumbi, na Mumbi ni dada wa Kihika. Kati ya watu wote wa Thabai, Mugo anaungama kwa mrithi wa dai. Wala hafanyi hivyo kwa utulivu wa mtu aliyejiandaa. Nusura amdhuru Mumbi kibandani mle kabla ya kusema. Maungamo ya pili yanafuata hadharani. Jenerali R. anamtaka msaliti ajitokeze, macho yakimtafuta Karanja, na Mugo anakwenda mbele na kusema ni yeye. Umati unanyamaza na kumpisha. Hakuna anayemgusa.

Tutambue alichokipata Mugo kwa ukweli wake. Hakupata radhi. Hakupata kafara ya kumwokoa mtoto wala kovu la kumfananisha na marehemu. Baadaye Jenerali R. na Koinandu wanamchukua, Wambui anakaa kitako kama hakimu, na riwaya haituonyeshi kifo chake. Tunakielewa kutokana na kibanda kilichobaki kitupu. Baada ya hapo Wambui mwenyewe anabaki na shaka kama walitenda sawa. Mumbi naye hakutaka damu zaidi imwagike. Kwa maneno mengine, mwenye dai hakudai, na waliodai hawakuwa warithi.

Katika mitihani yetu ya fasihi, swali la “Je, Mugo ni shujaa au msaliti?” limezoeleka mno, na majibu yake yamezoeleka zaidi. Tunapendekeza swali jingine: je, Mugo ametaka radhi? Neno radhi halitoki kinywani mwake. Lakini amefanya yale yote ambayo sarufi ya “niwie radhi” inamtaka mkosaji ayafanye: amelitaja kosa kwa jina lake, amelitaja mbele ya mwenye haki, na amejiondoa kwenye nafasi ya kiima. Kilichobaki ni cha Mumbi na cha Thabai. Amir, kwa upande wake, amelipa fidia kubwa kuliko mtu yeyote angeweza kumdai, na mpaka ukurasa wa mwisho yeye bado ndiye msimulizi, yaani bado ndiye kiima cha kila sentensi.

Sisemi kwamba Mugo ni mwema kuliko Amir. Mtoto Sohrab analala katika nyumba yenye joto kwa sababu Amir alirudi, ilhali ukweli wa Mugo haukumlisha mtu. Nasema tu kwamba mmoja ametoa fidia bila radhi kuombwa na mwingine ameomba bila fidia, na uhakiki unaowaweka wote wawili katika kapu la “ukombozi” umekosa kuona tofauti ambayo mwanamke wa Lamu au wa Mombasa anaiona mara moja, kwa kuwa anajua kwamba kumpelekea jirani sahani ya wali si kumtaka radhi.

Tofauti hii haikuishia vitabuni. Mnamo Juni 2013 serikali ya Uingereza ilitangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228 wa Kenya walioteswa wakati wa hali ya hatari. Serikali hiyo ilieleza masikitiko yake bungeni, na papo hapo ikakana kuwa na dhima ya kisheria. Hiyo ni fidia, na waliolipwa walistahili. Mwezi uliotangulia, Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikuwa imemkabidhi rais wa Kenya ripoti yake. Kesi ya London iliwahusu wakoloni na waliowatesa. Haikuweza kuwahusu akina Mugo, majirani waliotajana usiku, kwa sababu hakuna mahakama inayopokea dai la aina hiyo. Mwaka 1963, miezi michache kabla ya Uhuru, Jomo Kenyatta aliwaambia walowezi waliokusanyika Nakuru kwamba watu wasameheane, na wito wa kusahau yaliyopita ukawa sauti ya taifa jipya. Ngũgĩ aliandika riwaya yake miaka michache tu baadaye. Mtu anaweza kuisoma kama hoja dhidi ya wito huo: msamaha ulitangazwa kabla ya makosa kutajwa, na tena ukatangazwa na asiyekuwa mrithi wa dai la Kihika.

Labda ndiyo sababu riwaya ya Ngũgĩ haiishii kwa Mugo. Sura ya mwisho inatupeleka hospitalini alikolazwa Gikonyo. Mugo alipojitokeza na kusema, Gikonyo aliguswa, kwa kuwa yeye pia ana lake: alikiri kiapo kizuizini ili arudi kwa Mumbi, na aliporudi akamkuta na mtoto wa Karanja, akamnyamazia na kumtesa kwa kimya hicho. Sasa anataka wapatane. Wote wawili wako hai, bahati ile ile ya Hasidi na Mwivu, na msomaji aliyechoshwa na vifo angependa kuwaona wakikumbatiana. Mumbi hakubali mambo yaende upesi hivyo. Anamwambia kwamba yaliyopita baina yao hayafutiki kwa maneno ya mara moja, kwamba kuna mtoto wa kuzungumziwa, na kwamba watazungumza siku nyingine. Kisha anakwenda zake nyumbani. Gikonyo, fundi seremala, anabaki kitandani akikifikiria kigoda ambacho kwa miaka mingi amekusudia kumchongea mkewe, na anaamua kubadilisha umbo la mwanamke aliyekusudia kulichonga: sasa atakuwa na mimba.